Mkate wa Ngano Nzima Mezani pa Bwana

(Maneno haya yalisemwa redioni katika kipindi cha asubuhi. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale waliotuomba tuyaandike.)

Tuko huku Kitengela, kando ya barabara iendayo Kajiado na Namanga. Leo tunataka kuzungumza juu ya mkate. Si mkate wa mfano tu, bali mkate wenyewe, wa unga, hamira na chumvi, uliookwa nyumbani katika sufuria. Kuna jambo lililotupata kanisani kwetu ambalo lilitulazimu kufungua vitabu ambavyo hatukuwa tumevifungua tangu tulipotoka chuo cha theolojia.

Mtakumbuka mvua ya Aprili 2024. Mto Athi ulifurika, na watu wa Kitengela wakawa kama watu wa kisiwani. Sasa, vile vikate vyembamba vyeupe tunavyotumia katika Ushirika Mtakatifu huvinunua Nairobi, na jioni ya Jumamosi tulipofungua mkebe tulikuta vimebaki saba. Vikate saba, na washiriki wapata mia mbili. Mama mmoja wa Mothers' Union, ambaye hupika mkate wa nyumbani kwa sababu mume wake ana ugonjwa wa sukari, akasema, “Pasta, nina unga wa ata nyumbani. Nitaoka.” Tukashukuru, tukaenda kulala.

Asubuhi akaleta mkate mkubwa wa duara, rangi ya udongo wa Kajiado, umefunikwa kwa kitambaa cheupe. Harufu yake ilijaza kanisa lote kabla ya wimbo wa kwanza. Tuliumega mbele ya watu, nao wakaja safu kwa safu. Lakini mzee mmoja, Mmaasai wa makamo ya juu sana, mtu ambaye hajakosa Meza ya Bwana kwa miaka mingi, alibaki ameketi. Ibada ilipokwisha tulimkuta mlangoni na fimbo yake.

“Mzee, mbona hukuja mezani?”

“Pasta,” akajibu, “tangu lini Bwana akala mkate wa pumba?”

Tulicheka kidogo. Lilikuwa kosa, nasi tunalikiri. Yeye hakucheka. Alisema, “Nilipokuwa kijana nilifanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja. Mimi ndiye niliyemwokea mkate, mweupe kama pamba. Mwisho wa wiki mimi nilipimiwa unga wa mahindi kwa kibaba. Nilipobatizwa na kupewa kile kikate cheupe mkononi, nilijua kwamba mezani pa Bwana hakuna kupimiwa. Leo mmenirudishia pumba.” Akaenda zake, na Jumapili iliyofuata hakuja.

Basi ndugu, neno hilo halikutuacha tulale. Tuliona kwamba si swali la upishi. Tukaanza kutafuta: mkate wa Bwana ulikuwa wa namna gani? Nani aliamua kwamba uwe mweupe? Na huu mweupe wenyewe ulifikaje Kajiado?

Tuanze na Maandiko, na tuseme ukweli hata pale unapotuumiza: mzee ana hoja. Katika Mambo ya Walawi sura ya 2, sadaka ya unga iliyoletwa mbele za Bwana ilitakiwa kuwa ya unga mwembamba, yaani uliochekechwa. Na ile mikate 12 iliyowekwa mbele za Bwana kila Sabato, katika sura ya 24, ilikuwa ya unga mwembamba pia. Watu hawakumletea Mungu kilicho duni. Mtu anayesema kwamba kitu bora ndicho cha madhabahu hajapotoka hata kidogo. Amesoma Biblia yake vizuri kuliko wengi wetu.

Lakini tazama pia upande wa pili. Katika 1 Wafalme sura ya 4 tunasoma chakula cha nyumba ya Sulemani kwa siku moja: kori 30 za unga mzuri, na kori 60 za unga wa kawaida. Hata kwa mfalme yule mwenye fahari, unga wa kawaida ulikuwa mara mbili ya ule mzuri. Nyumbani kwa mtu wa kawaida kazi ya kusaga ilikuwa ya wanawake, alfajiri, mawe mawili, moja juu ya lingine. Bwana wetu aliwataja wanawake wawili wakisaga pamoja kama jambo ambalo kila msikilizaji wake alilijua. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, ilikataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana kumnyang'anya mtu jiwe lake ni kumnyang'anya uhai. Akina mama wa Kajiado mnaobeba debe la mahindi kwenda kwenye mashine ya kusaga mnaelewa sheria ile bila kufundishwa. Unga wa mawe yale, hata ukichekechwa kwa chekecheo, ulibaki na sehemu kubwa ya pumba na kiini ndani yake. Na maskini hawakula ngano kila siku. Walikula shayiri, na mikate ile mitano ya mtoto katika Yohana sura ya 6 ilikuwa ya shayiri. Bwana hakuikataa wala hakuomba ya ngano.

Usiku wa mwisho ulikuwa majira ya Pasaka, kwa hiyo wengi wanaamini kwamba mkate ulioko mezani ulikuwa usiotiwa chachu. Hapa pana ugomvi mrefu. Makanisa ya Mashariki, kama Waothodoksi wa Ugiriki, yalitumia na yanatumia hata leo mkate uliotiwa chachu. Upande wa Magharibi, kuanzia yapata karne ya 9, mkate usiotiwa chachu ukawa ndio kawaida. Mwaka 1054, Roma na Konstantinopoli zilipotengana, jambo la chachu lilikuwa miongoni mwa yale waliyoshutumiana. Fikirini, ndugu. Ulimwengu wa Kikristo ukapasuka vipande viwili na hamira ikiwa katikati ya mabishano! Tusimcheke basi mzee wetu wa Kitengela.

Mwanzoni watu waliuleta mkate kutoka nyumbani kwao, mkate uleule waliokula na watoto, wakautoa sadaka. Lakini kadiri karne zilivyopita ulitoka mikononi mwa watu. Ukawa mwembamba, mweupe, wa duara, ukapigwa chapa, ukatengenezwa na watu maalumu, na waumini wengi wakawa wanautazama tu ukiinuliwa, wakishiriki labda mara moja kwa mwaka.

Ndipo yakaja Matengenezo. Kitabu cha Sala cha kwanza cha Uingereza, cha mwaka 1549, bado kilitaka mkate wa duara usiotiwa chachu. Cha pili, cha 1552, kiligeuza. Na kile cha 1662, ambacho ndicho mama wa vitabu vyetu vyote vya Kianglikana, kinaeleza mwishoni mwa ibada ya Ushirika kwamba yatosha mkate uwe ule ambao watu huula kwa kawaida, ila uwe mkate wa ngano ulio bora na safi kabisa kadiri unavyoweza kupatikana. Sisi tuliosomea theolojia tulipita juu ya maagizo hayo haraka, kwa sababu hayakuwa katika mtihani. Tuliyasoma upya jikoni, tukiwa na kikombe cha chai, na tukashangaa. Mkate wa kawaida! Wa mezani petu!

“Safi kabisa” maana yake nini? Hapa watu wanaweza kutofautiana. Wengine watasema ni kuwa mweupe. Sisi tunaona zaidi kwamba ni kuwa wa ngano tupu, kwa sababu katika Uingereza ya siku zile maskini walikula mkate uliochanganywa: ngano na shayiri, ngano na unga wa mbegu nyingine, na mwaka wa njaa hata kunde. Kanisa lilisema: siku hii, masikini kwa tajiri, wote wale ngano. Tena kitabu kile kinaagiza kwamba gharama ya mkate na divai ilipwe na parokia. Na mkate usiobarikiwa ukibaki, ni wa kasisi auchukue. Makasisi wa zamani hawakukosa kifungua kinywa.

Sasa tuje nyumbani. Pwani yetu ilijua mkate zamani. Waswahili wana mkate wa mofa, mkate wa kumimina, mkate wa sinia, na neno hamira lenyewe walilipokea kutoka kwa Waarabu. Lakini bara, mahali hapa tunapokaa, ngano ilikuja na reli. Reli ya Uganda iliwaleta wafanyakazi wapata 32,000 kutoka Bara Hindi, watu wa chapati, na mwaka 1899 ikavuka nyanda za Kapiti na Athi, upande uleule ambao leo tunaona mabati ya viwanda vya Athi River. Yamkini harufu ya ata juu ya kikaango ilivuma nyanda hizi kabla ya Injili kuhubiriwa hapa kwa sauti kubwa.

Kisha wakaja walowezi. Lord Delamere alipewa mwaka 1903 ekari 100,000 huko Njoro, na baada ya kondoo na ng'ombe wake kufa kwa magonjwa akajaribu ngano. Ugonjwa wa kutu ukaiteketeza. Akamwajiri mtaalamu atafute mbegu inayostahimili, na kazi ile ndiyo iliyozaa kituo cha kuzalisha mbegu cha Njoro mwaka 1927. Kutu yenyewe haikushindwa daima. Mwaka 1999 namna mpya kabisa ilitambuliwa huko Uganda, ikatia hofu wakulima wa dunia nzima. Mwaka 1908 Delamere alianzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited, na jina lile bado mnaliona dukani.

Lakini kuna upande mwingine wa hadithi hiyo, na watu wa Kajiado hawahitaji kuambiwa na sisi. Mwaka 1904 serikali ya wakoloni ilifanya mapatano na viongozi wa Kimaasai, Olonana akiwa mkuu wao, kwamba Wamaasai watoke katika malisho ya Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, ili reli na walowezi wapate nafasi. Wakapewa sehemu mbili, moja Laikipia na moja kusini, na ahadi kwamba zitakuwa zao kwa muda wote watakaokuwako duniani. Ahadi ile haikufika hata miaka 7. Mwaka 1911, baada ya Olonana kufa, yakaandikwa mapatano mengine, na watu wa Laikipia wakaswagwa kwenda kusini pamoja na mifugo yao, wengi wakipoteza ng'ombe njiani. Mwaka 1913 wakaenda mahakamani, kina Ole Gilisho na Ole Njogo. Kesi ikatupwa, mahakama ilisema mapatano yale ni kama ya dola na dola, kwa hiyo haiwezi kuyahukumu. Fikirini hilo. Waliambiwa wao ni taifa huru siku ileile waliponyang'anywa nchi kama watu wasio na taifa.

Hivyo ndivyo Kajiado ilivyokuwa sehemu ya hifadhi ya kusini. Na mwaka uleule wa 1911 ikaundwa kampuni ya Magadi, na baadaye njia ya reli ikatoka Konza, ikapita Kajiado, ikashuka mpaka ziwani. (Mtu mmoja alituambia kwamba magadi yanaumua mkate badala ya hamira. Tulijaribu. Yaacheni kwenye maharagwe.)

Kwa hiyo mkate mweupe wa Kenya ulikuja na mizani yake. Kwenye mashamba ya wazungu bwana alikula mkate, mfanyakazi alikula posho, na neno posho lenyewe maana yake ni chakula cha kupimiwa. Baada ya Uhuru wa 1963 mkate mweupe na chai ya maziwa vikawa alama ya kwamba nasi tumefika. Nani kati yetu aliyekulia kijijini hakumbuki mkate wa Krismasi, ule wa kukatwa vipande, mama akihesabu ili kila mtoto apate viwili? Tulipomsikia mzee akisema “mmenirudishia pumba,” tulikuwa tumesahau haya yote. Yeye hakusahau.

Na hapa historia inageuka kwa namna ambayo sisi hatukutazamia.

Mwaka wa 1929, wakati mkate mweupe ulipokuwa chakula cha wakubwa katika Kenya, aliwasili daktari Mwingereza kijana aitwaye Hugh Trowell. Alifanya kazi Kenya, kisha Mulago huko Kampala, kwa karibu miaka 30 yote pamoja. Jina lake linajulikana zaidi kwa utafiti juu ya kwashakoo ya watoto. Lakini aliona jambo jingine. Magonjwa mengi yaliyojaza hospitali za kwao Uingereza, kama ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa moyo na magonjwa kadhaa ya matumbo, hakuyaona sana kwa wagonjwa wake Waafrika. Mwaka 1960 akachapisha kitabu juu ya hayo. Na alipoondoka Afrika unajua alifanya nini? Akapewa ukasisi katika Kanisa la Uingereza, akachunga parokia karibu na Salisbury. Ndugu yetu katika kazi, basi.

Kampala ileile alikuwako Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, Mkristo wa sala, aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto. Mwaka 1958 alieleza ile saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake hata leo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Baadaye, aliporudi Uingereza, akaandikia hospitali za misheni kote Afrika akiuliza swali ambalo si rahisi kulisema redioni asubuhi watu wakiwa kwenye chai. Tutasema kwa adabu: aliuliza habari za choo. Akaona kwamba watu waliokula nafaka nzima, maharagwe na mboga, matumbo yao yalifanya kazi upesi na bila shida, na watu wa mkate mweupe walitaabika. Mwaka 1975 yeye na Kasisi Trowell walitoa pamoja kitabu kikubwa juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa. Si kila alilodhani Burkitt limethibitishwa na wataalamu waliomfuata. Mengine wameyapunguza, mengine bado wanayapima. Lakini shina la neno lake, kwamba nyuzinyuzi za nafaka nzima zina faida mwilini, limesimama.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Nje kuna pumba, ndani kuna kiini kidogo ambacho ndicho kingeota, na katikati kuna sehemu kubwa nyeupe ya wanga. Mawe ya kusagia husaga yote pamoja. Lakini tangu miaka ya 1870 mashine za magurudumu ya chuma zilizoenea kutoka Ulaya ziliweza kutenga sehemu nyeupe upesi na kwa bei rahisi, na pumba na kiini vikaenda kwa mifugo. Unga mweupe hukaa dukani muda mrefu, kwa kuwa kiini kina mafuta yanayochacha. Wenye maduka waliupenda kwa sababu hiyo. Ila madini na vitamini nyingi zilikuwa kwenye vile vilivyotupwa. Ndiyo maana tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe vitamini, chuma na zinki. Tunakitoa kwanza, kisha tunalipa kukirudisha. Wakati wa vita, mwaka 1942, Waingereza wenyewe walilazimishwa na serikali yao kula mkate wa rangi ya kijivu wenye sehemu kubwa ya punje, ili meli za ngano zitoshe. Walilalamika sana, na baadaye wakaukimbilia mweupe.

Neno moja la tahadhari kwa wanunuzi: si kila mkate wa rangi ya kahawia ni wa ngano nzima. Mwingine umetiwa rangi tu. Soma karatasi.

Tulipokuwa na haya yote tulimwendea mzee nyumbani kwake, upande wa Isinya. Hatukwenda kumfundisha. Kwanza tulimwomba radhi kwa kile kicheko. Tukanywa chai. Akatuonyesha shamba la baba yake lilipokuwa kabla ya ardhi ya jumuiya kugawanywa. Ya Kitengela iligawanywa 1988, na tangu viwanda vya EPZ vije Athi River baada ya 1990 ploti za hamsini kwa mia zimefika karibu na mlango wa boma. Tukamweleza habari ya Sulemani na kori zake 60. Tukamweleza juu ya Kitabu cha Sala. Alisikiliza kimya. Tulipofika kwa Trowell na Burkitt akasimamisha kikombe.

“Kwa hiyo yule mzungu wangu,” akasema, “alikuwa anakula mkate mweupe na tumbo linamuuma?”

Tukasema yawezekana.

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akawa kimya tena. “Lakini Pasta,” akasema, “hilo ni la tumbo. La mezani ni jingine. Mimi sitaki mkate wa pumba kwa sababu ni dawa. Nitautaka kama ni mkate wetu.”

Hapo, wasikilizaji, tuliona kwamba mzee alikuwa amefika mbele yetu. Tulikuwa tumekuja na sababu za daktari na za mwanahistoria. Yeye aliuliza kama mkate ule ni wetu au ni wa kupimiwa. Na ukweli ni kwamba vile vikate vyeupe tulivyovizoea vilitoka kiwandani kwenye mkebe, na mkate wa yule mama ulitoka nyumbani kwa mshiriki, kwa unga alionunua kwa pesa zake, katika juma ambalo mto ulikuwa umefunga njia. Tulimwambia hivyo tu, bila kuongeza. Tena tukamwambia kwamba ngano nyingi ya Kenya siku hizi hulimwa Narok, katika nchi ya Wamaasai, ingawa haitutoshi na sehemu kubwa ya tunayokula hutoka ng'ambo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, kila nyumba hapa Kitengela ilijua kwa bei ya mkate. “Narok,” akasema. “Kwa binamu zangu.”

Jambo likapelekwa kwa wazee wa kanisa. Kulikuwa na mjadala. Mmoja aliuliza habari za makombo, na swali lake ni la heshima: mkate wa ngano nzima huvunjika, na kilichobarikiwa hakiachwi sakafuni. Mwingine aliogopa magonjwa, kama mikono mingi itashika mkate mmoja. Mwingine alitaja wale wasioweza kula ngano kabisa, na hatukuwa na jibu zuri, tumeahidi kulitafuta. Mwishowe wakakubaliana: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mkate utaokwa nyumbani na akina mama kwa zamu, Jumapili nyingine tutatumia vikate vya mkebe, na unga utanunuliwa kwa fedha za kanisa. Hilo la fedha lilipita bila kura. Tulimrudishia mama yule gharama ya Aprili, naye akakataa, tukamlazimisha.

Kwa kuwa wengi wenu mmetuuliza, yeye hufanya hivi. Kilo moja ya ata, iliyo kamili. Kijiko kimoja cha mezani cha hamira kavu, vijiko viwili vya chai vya chumvi, kijiko cha asali, mafuta kidogo, na maji ya uvuguvugu kama robo tatu ya lita, yakipungua kidogo. Ata hunywa maji kuliko unga mweupe, basi usiogope donge likinata. Anakanda, anafunika, anangoja saa moja au zaidi mpaka liumuke. Anakanda tena kidogo, anatia katika sufuria iliyopakwa mafuta, anangoja nusu saa. Sufuria hiyo huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga chini, juu ya jiko la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Dakika 45 au 50. Ukigonga chini ya mkate ukasikia sauti ya kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Uache upoe kabisa ndipo uumege, la sivyo makombo yatakuwa mengi.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya kwanza ya Juni tulipita jikoni kwa mama yule kuona maendeleo. Tulimkuta mzee ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, fimbo imeegemezwa ukutani, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawalifanyi. Alikuwa amenyosha kidole chake juu ya donge, akalibonyeza, akatazama kile kishimo kikibaki vilevile bila kurudi.

“Bado, binti yangu,” akasema. “Pumba inakata nyuzi za unga. Kanda tena.”